Jina Lisilo na Kisawe

Kwa karibu mwaka mzima nilifanya kazi na mtu niliyeamini kwamba ana majivuno, na nilikuwa na ushahidi wangu. Siku aliyojiunga na kitengo chetu tuliketi kikaoni, kila mmoja akajitambulisha kwa jina na kazi yake, na zamu ilipomfikia alinyamaza kidogo, akaangalia meza, kisha akasema, "Bila shaka taarifa zangu mnazo tayari." Hatukuwa nazo. Mwenyekiti akalisoma jina lake kutoka kwenye karatasi, tukaendelea. Tangu siku hiyo kila alichofanya kiliongeza uzito upande ule ule wa mizani: alijibu maswali kwa neno moja au mawili, hakupokea simu ya ofisi hata ikilia mbele yake, na ukimwuliza jambo linalohitaji maelezo marefu alisema atakuandikia. Maandishi yake yalikuwa safi kuliko ya sisi wengine wote, jambo ambalo lilipaswa kunitia shaka, lakini hata hilo nililihesabu kuwa sehemu ya majivuno.

Baadaye nilikuja kujua kwamba mwenendo huu wa akili umechunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka 1946 mwanasaikolojia Solomon Asch alichapisha majaribio ambamo watu walisomewa orodha ya sifa za mtu wasiyemjua. Kundi moja lilisikia kwamba mtu huyo ana akili, ni mchapakazi, ana pupa, ni mkosoaji, ni mkaidi na ana wivu. Kundi la pili lilisikia sifa hizo hizo sita zikianzia mwisho kurudi mwanzo. Waliotangulia kusikia habari ya akili walimwona mtu hodari ambaye kasoro zake hazifuniki mazuri yake, na waliotangulia kusikia habari ya wivu walimwona mtu mwenye matatizo yanayomzuia kutumia uwezo wake. Hakuna sifa iliyoongezwa wala kupunguzwa, ila neno lililotangulia lilikuwa limekwisha kuyapa maana maneno yaliyofuata. Mwaka 2006 Janine Willis na Alexander Todorov walionyesha jambo linalonisumbua zaidi: watu walioonyeshwa sura ya mtu kwa sehemu ya kumi ya sekunde walitoa hukumu zilizokaribiana sana na za wale walioitazama bila kuwekewa kikomo cha muda. Waliopewa muda mrefu kidogo hawakubadilika sana katika hukumu zao. Kilichoongezeka hasa ni uhakika wao kwamba wako sahihi. Ninapoukumbuka mwaka wangu ule, naona kwamba ndicho nilichokusanya, uhakika, huku nikidhani nakusanya maarifa.

Nilitolewa gizani na kazi ya kawaida kabisa. Tulibaki wawili jioni kuhakiki jedwali la takwimu, yeye akisoma kwa sauti kutoka kwenye nakala ya awali, mimi nikilinganisha na nakala iliyochapwa. Alisoma mistari michache kwa shida niliyoichukua kuwa ni uchovu, kisha akafika kwenye nambari moja na sauti ikakatika. Midomo yake ilikuwa imejiweka tayari, shingo imekaza, na hakuna kilichotoka. Nilidhani amepotea mstari, nikaichungulia karatasi yake, nikamsomea nambari ile. Akaiweka kalamu chini, akasubiri mpaka pumzi ikatulia, akaniambia polepole, "Neno ninalijua. Naomba uniachie nilifikie mwenyewe."

Alikuwa na kigugumizi, na alikuwa nacho tangu utotoni. Mimi niliyekaa naye chumba kimoja kwa miezi mingi sikuwa nimekisikia hata mara moja, kwa sababu nilikuwa nikisikia tu kile alichokuwa amekwisha kukipitisha. Alinieleza kwamba anapoanza sentensi huwa anaona mbele yake, kabla hajalifikia, neno litakalomkwama, na mara nyingi hupata nafasi ya kulikwepa: akilihofia "mkurugenzi" atasema "kiongozi wetu", akilihofia "kesho" atasema "siku inayofuata", na asipopata njia ataikata sentensi mapema na kukubali kuonekana mtu wa maneno machache. Kusoma kwa sauti kunamnyima njia hiyo, kwa kuwa maneno yamekwisha kuchaguliwa na mwingine. Simu ni mbaya zaidi, maana anayesikiliza upande wa pili hukiona kimya kama laini iliyokatika. Lakini hakuna kigumu kuliko jina lake mwenyewe, kwa sababu jina halina kisawe. Hapo nikakikumbuka kile kikao cha kwanza, na ile sentensi niliyoibeba mwaka mzima kama kielelezo cha kiburi.

Inakadiriwa kwamba mtu mzima mmoja katika kila 100 hivi ana kigugumizi, na wengi wao huzungumza bila kukwama wanapoimba au wanaposoma kwa pamoja na mwenzao. Wapo wanaojifunza kukificha kwa ustadi kiasi kwamba hata watu wao wa karibu hawatambui. Tunasema ukiona vyaelea, vimeundwa, na mara nyingi tunafikiria merikebu au nyumba nzuri ya jirani. Sikuwahi kufikiria kwamba hata jibu fupi la mtu aliyeketi mbele yangu laweza kuwa limeundwa hivyo, ubao kwa ubao, huku mimi nikiliona kama dharau iliyotoka bila jasho.

Ningependa kuandika kwamba tangu jioni ile nilimwelewa, lakini kilichofuata ni kosa la pili, nami naliona kubwa kuliko la kwanza kwa sababu nililifanya kwa moyo mwema. Nilianza kumkinga. Aliulizwa swali kikaoni, nikajibu mimi. Simu ikilia naikimbilia kabla hajaigeukia. Ilipopangwa kwamba atawasilisha ripoti mbele ya wakuu, nilikwenda kimyakimya kupendekeza mtu mwingine, na kwa bahati njema pendekezo hilo halikukubaliwa. Baada ya wiki kadhaa aliniita pembeni. Hakuzungumzia simu wala vikao, alisema tu, "Kabla sijakwambia, ulikuwa ukibishana nami. Siku hizi hubishani tena."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeiondoa picha ya mtu mwenye majivuno na kutundika mahali pake picha ya mtu dhaifu, na zote mbili nilizichora mwenyewe. Nilikuwa nimejua jambo moja la siri kuhusu maisha yake, nikadhani kwamba siri ndiyo mtu. Nadhani hapa ndipo wengi wetu tunapokwama tunapozungumzia undani wa watu: tunatafuta lile jambo lililofichika litakalofafanua yote, na tukilipata tunaacha kuangalia, kama mwanzoni.

Nikarudia kubishana naye, na ni katika mabishano ndipo nilipoanza kumfahamu. Ana ukaidi unaochosha. Hawezi kuvumilia hoja iliyolegea, hata kama ni ya mkubwa wake, na atairudia mpaka ikae sawa. Anajua maneno kwa namna ambayo sijapata kuiona kwa mtu mwingine, maana tangu utotoni amelazimika kuwa na maneno mawili au matatu ya akiba kwa kila moja analolihitaji. Na nikiri pia kwamba ana fahari kidogo. Anajua kwamba anaandika vizuri kuliko sisi na haoni sababu ya kulificha hilo. Kwa hiyo sikuwa nimekosea kabisa siku ile ya kwanza, ingawa nilichokiona hakikuwa mahali nilipodhani nakiona.

Hivi karibuni tulipata mfanyakazi mpya, tukaketi tena kujitambulisha. Zamu ilipomfikia mwenzangu hakuikwepa safari hii. Alilianza jina lake, likakwama, akabaki nalo. Wengine waliinamisha macho mezani. Nilimwona yule mgeni akikunja uso kidogo, na nilijua ninachoweza kumnong'oneza ili aelewe, lakini haikuwa habari yangu ya kusimulia. Nikaendelea kumtazama mwenzangu usoni, kama tunavyomtazama mtu yeyote anayezungumza, mpaka akalimaliza.