Kila Fundi Alitaka Kupiga Windo

Mwaka 2019 dada yangu alikuwa na duka la steshenari Mbagala, na kompyuta ya dukani ilikuwa na mabwana wawili. Mchana ilichapa barua za maombi ya kazi, usiku ilikuwa ya mpwa wangu na gemu lake la mbio za magari. Mchana haikuwa na neno. Usiku, gari likikolea tu mwendo, skrini inakuwa nyeusi, feni zinanyamaza, halafu mashine inajiwasha yenyewe.

Nikaitwa mimi, kwa kuwa katika ukoo wetu mwenye bisibisi ndiye fundi.

Fundi wa jirani alikuwa ameshatoa hukumu: "Hii tupige windo upya," yaani kufuta na kuweka Windows upya. Ugonjwa huu sijui tuliutoa wapi. Printa ikigoma, tupige windo. Spika zisipolia, tupige windo. Ikapigwa, faili za wateja zikapotelea humo, na usiku uleule mashine ikajizima kama kawaida. Dada yeye aliushuku umeme wa mtaa, kwamba saa mbili usiku unakuwa mdogo. Hoja yake niliiona ina uzito kuliko ya fundi. Tukaazima UPS, kisanduku cha betri kinachoshika umeme wa ukutani ukiyumba. Mashine ikajizima huku taa ya chumbani haijapepesa na UPS haijatoa hata mlio. Umeme wa ukutani tukauachia huru.

Windows ya wakati ule ikipata kosa kubwa ilionyesha skrini ya buluu, lakini ilikuwa imepangwa kujiwasha upya haraka hata usiione. Nikaondoa tiki kwenye chaguo hilo, nikamwambia mpwa acheze. Giza tu, buluu hakuna. Kwenye orodha ya matukio ya mfumo nikakuta Kernel-Power namba 41, alama ya kwamba mashine ilizimika bila kufuata utaratibu, imejipanga usiku baada ya usiku, na penye msimbo wa kosa pana sifuri. Yaani Windows haikuona kosa lolote. Ilikatiwa pumzi kabla haijaandika kitu. Joto la kadi ya picha, ile inayochora gemu kwenye skrini, lilikuwa nyuzi sabini na kidogo, halitishi. Ramu, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, tuliiacha ikipimwa na programu ya MemTest86 usiku kucha, ikatoka safi.

Nikafungua ubavu wa kasha. "Hii kadi umeitoa wapi?"

"Kariakoo, Mjomba. Mtumba, lakini nzima."

Ilikuwa GTX 1060, kadi iliyotoka 2016, yenye tundu la umeme la pini sita. Kompyuta ile ilizaliwa kwa kazi za ofisi, waya wa pini sita haina, kwa hiyo muuzaji alimpa adapta ya kuunga kwenye waya wa diski. Pawa saplai, kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, imeandikwa wati 240. Piga hesabu: kadi 120, prosesa ya i7-4790 inahesabiwa 84, bado diski, feni na bodi yenyewe. Kwa karatasi inatosha, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Kadi ikishtuka kwenye gemu huvuta kupita kiwango chake kwa muda mfupi mno, na pawa saplai ikizidiwa hujikinga kwa kukata. Nvidia wenyewe walishauri wati 400 kwa kadi ile.

Nilitaka kuliona kwa macho. Nikachukua mita, ncha nyekundu kwenye waya wa njano unaobeba volti 12, nyeusi kwenye mweusi, nikaishikilia huku mpwa akishika kibodi. Mashine ikiwa imetulia: volti 12.05. Gemu likafunguka: 11.7. Magari yakajipanga, 11.5. Kiwango kinachoruhusiwa kisishuke chini ya 11.4.

"Mjomba, 11.3!"

Giza.

Kuondoa shaka, nikapunguza umeme wa kadi hadi asilimia 60 kwa programu ya MSI Afterburner. Picha zikawa nzito kidogo, lakini alicheza mpaka dada akaja kutufukuza kwa kanga mkononi.

Kariakoo tulipata pawa saplai ya wati 550 iliyotumika, elfu themanini baada ya kubishana sana. Kumbe bodi za ofisi kama ile huchukua umeme kwa plagi ya pini nane badala ya 24, kwa hiyo tukazunguka tena maduka kutafuta adapta. Na kasha lilikuwa dogo. Pawa saplai mpya ikabidi ikae nje, juu ya meza, nyaya zikiingilia kwa nyuma. Dada hakuipenda kabisa, akaifunika kitambaa, nami nikakitoa mbio kabla haijaungua.

Ile ya zamani muuzaji aliichukua kwa elfu kumi. Nilimwuliza ataifanyia nini, akanitazama kama nimeuliza ujinga. "Nzima hii, kaka. Kuna mtu wa vocha anataka mashine ya kuandikia."