Kadi ya sendoff nimeitengeneza kwa PowerPoint na sioni aibu

Jamani mi Photoshop sijui. Niliwahi kuifungua mara moja kwenye laptop ya shemeji, nikaona vile vidude vimejipanga pembeni, nikaifunga taratibu kama mtu aliyefungua mlango wa chumba cha wenyewe. Mambo yangu yote ya picha nafanya kwa PowerPoint, ile ile ya kazini. Sasa juzi kati kamati ya sendoff ya binti wa mama mdogo wakanibebesha kadi ya mchango, maana kwetu ukionekana tu una laptop basi wewe ndo fundi wa kila kitu.

Kitu cha kwanza usianze kuchora kwenye slaidi ilivyo, ile imelala kama tivii. Nenda Design, Slide Size, Custom, andika sentimita za karatasi unayotaka. Mi niliandika 14.8 kwa 21, yaani A5, nusu ya A4. Hapo hapo ndo nilikosea, ntakwambia mbele.

Picha ya bibi harusi ikaja kwa WhatsApp, kapigwa mlangoni, nyuma pazia na ndoo ya maji. Nikabonyeza Remove Background, ikatoa pazia vizuri tu ila ikaondoka na sikio la kushoto na hereni yake, ndoo ikabaki! Ile kitu inakisia tu, ndo maana pale juu kuna kalamu mbili, moja ya kuonyesha kinachobaki na nyingine kinachotoka, ukichora kamstari sikioni linarudi. Tatizo likawa nywele, bidada ana afro ya nguvu, pembeni pakawa kama pametafunwa na panya. Nikaona nisiumie kichwa, nikarudisha picha ilivyokuwa nikaikata kwa Crop to Shape, duara, ndoo ikaishia nje.

Maua sikudaunilodi popote. Unachora duara mbili zipandane kidogo, unazichagua zote, Merge Shapes, halafu Intersect, kinabaki kile kipande cha katikati tu ambacho ni umbo la jani kabisa. Ctrl+D unapata jingine, unazungusha, unapanga, tayari ua. Kwenye Word hiyo Merge Shapes haipo, na nyie mnaolazimisha kadi kwenye Word siwaelewagi, picha ukiigusa kidogo maandishi yote yanakimbilia ukurasa wa pili.

Balaa lilikuwa stationery. Nimeenda na flashi, kijana kafungua faili, jina la bibi harusi nililoliandika kwa mwandiko wa kujikunja limegeuka kama tangazo la kikao cha mtaa. "Dada, hii fonti sisi hatuna." Nikarudi home nikasevu kama JPEG, kuprinti ikatoka na ukungu. Kumbe PowerPoint kwa kawaida inatoa picha kwa pikseli (vile vidoti vinavyounda picha) 96 kwa inchi, kwa hiyo kadi yangu ya A5 ilikuwa na kama 559 kwa 794 tu, na printa inataka karibu 300 kwa inchi.

Dawa yake: ya kuprinti sevu PDF, fonti inabebwa humo humo na maandishi hayapati ukungu. Ya kurusha kwenye magrupu, anza na slaidi kubwa mara tatu, 44.4 kwa 63, uwiano ni ule ule ila picha inatoka kali. Alafu WhatsApp itume kama dokumenti, ukiituma kama picha inaibana.

Basi kadi 80 zikatoka safi, ua langu linang'aa, nikampelekea mama mdogo. Akaivaa miwani yake, akaiangalia weee. "Mwanangu umeweza, hongera. Ila mbona namba ya mweka hazina ina tarakimu tisa?"

Tumekaa sebuleni mpaka saa nne usiku tunaongezea 4 ya mwisho kwa peni, kadi moja moja.