Aliyeachwa Nje ya Orodha

Masomo: 1 Samweli 16:1–13, 1 Samweli 22:1–2, Zaburi 142

Wapendwa katika Bwana, neema na amani ziwe nanyi.

Yese alipoitwa na wanawe kwenye sadaka, aliwapitisha saba mbele ya Samweli, wala hakumtaja wa nane mpaka alipoulizwa. Daudi hakupimwa akaonekana hafai. Hakuitwa hata kupimwa, na aliyemwacha nje ni baba yake mzazi. Wiki hii nimeisoma sura hiyo nikimfikiria Malcolm Butler, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, kwa sababu katika maisha yake ya uwanjani yamo mambo mawili ambayo sisi waamini hupenda kuyatenganisha: kuinuliwa na kuachwa.

Kila mwaka klabu 32 za ligi ya NFL hukaa kwa siku kadhaa na kuchagua kwa zamu, raundi saba, vijana wanaotoka vyuoni. Mwaka 2014 yalitajwa majina 256, na la Butler halikuwamo. Alikuwa na umri wa miaka 24, mzaliwa wa Vicksburg katika jimbo la Mississippi, na alikuwa amechezea chuo cha West Alabama, ambacho hakimo katika daraja la juu la michezo ya vyuo. Miaka michache kabla ya hapo aliondolewa katika timu ya chuo chake cha kwanza, Hinds, akarudi nyumbani na kufanya kazi katika mgahawa wa kuku wa kukaanga, kisha akapokelewa tena chuoni. Baada ya uteuzi kumpita, New England Patriots walimwita kwa majaribio tu, bila mkataba, na mwezi Mei wakamsajili.

Nafasi aliyocheza huitwa konabeki. Kazi yake ni kumkaba mpokeaji wa pasi: anaanza kwa kurudi kinyumenyume, macho yakiwa kwa mtu ambaye ndiye pekee anayejua atakatia wapi, na akikosea hatua moja uwanja wote unaona. Katika wiki ya kujiandaa kwa Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, wenzake wa kikosi cha akiba waliigiza mbinu za wapinzani, Seattle Seahawks. Mojawapo ilitumika karibu na mstari wa goli: wapokeaji wawili husimama mmoja nyuma ya mwenzake, wa mbele humzuia mlinzi, na wa nyuma hukata kuingia ndani. Butler alizunguka, akachelewa, pasi ikadakwa mbele yake, na kocha Bill Belichick akamwambia kwamba mbinu ile ni lazima aiwahi.

Mechi ilichezwa Glendale, Arizona, tarehe 1 Februari 2015. Butler hakuanza, aliingizwa kipindi cha pili. Dakika za mwisho alifanikiwa kuugusa mpira uliokuwa ukienda kwa Jermaine Kearse, mpokeaji wa Seattle, lakini mpira ukamdundia Kearse miguuni na mikononi akiwa amelala chali, naye akaudaka. Butler akarudi kando ya uwanja akiwa ameinamisha kichwa. Muda mfupi baadaye alirudishwa ndani, Seattle wakiwa yadi moja kutoka goli, zimebaki sekunde 26, Patriots wakiongoza 28–24. Wapokeaji wawili wakajipanga mmoja nyuma ya mwenzake. Safari hii hakuzunguka: alikata moja kwa moja, akamtangulia Ricardo Lockette, akainasa pasi ya Russell Wilson, mrusha pasi wa Seattle, na ubingwa ukapatikana.

Wengi wetu tungeusimamisha ushuhuda hapo, tukasoma "Jiwe walilolikataa waashi" na kusema amina. Naona tunalikosea Neno tunapofanya hivyo, na nina sababu mbili. Ya kwanza ni Wilson mwenyewe, Mkristo anayeikiri imani yake hadharani. Tukisema kwamba Mungu alimkumbuka Butler kwenye mstari ule wa goli, tutamwambia nini ndugu yetu ambaye pasi yake ndiyo iliyonaswa? Mhubiri, ambaye hakupaka mambo rangi, alikwisha kuandika kwamba si wenye mbio washindao katika michezo, bali wakati na bahati huwapata wote.

Sababu ya pili ni yale yaliyofuata. Butler akawa mlinzi wa kutegemewa, akatwaa ubingwa wa pili katika msimu wa 2016, na katika msimu wa 2017 karibu hakutoka uwanjani timu yake ilipokuwa inalinda. Kisha tarehe 4 Februari 2018, Minneapolis, katika Super Bowl nyingine, kocha yule yule aliyemwona wakati wengine hawakumwona alimkalisha benchi. Wakati wa wimbo wa taifa kamera zilimwonyesha akitokwa na machozi. Hakucheza hata mara moja katika safu ya ulinzi. Philadelphia Eagles walishinda 41–33, na sababu iliyotolewa hadharani ilikuwa fupi tu, kwamba ulikuwa uamuzi wa timu. Mwezi uliofuata alihamia Tennessee Titans.

Machozi yale ndiyo yaliyonirudisha kwa Daudi. Alipakwa mafuta katikati ya ndugu zake, na Roho wa Bwana akamjilia kwa nguvu. Lakini Sauli alipotuma wajumbe baadaye katika sura hiyo hiyo, walimkuta bado yuko na kondoo. Ikulu ilimpokea, wanawake wa Israeli wakamwimbia, kisha Sauli akamrushia mkuki. Aliyekuwa ameteuliwa na Mungu akaishia kujificha pangoni, na Zaburi ya 142, sala yake ya pangoni, inalalamika kwamba akitazama mkono wake wa kuume hakuna mtu anayemjua. Hayo ni maneno ya mtu aliyekwisha kupakwa mafuta, na nadhani tunawaonea wenzetu tunapowafundisha kwamba aliyeinuliwa na Bwana hawezi tena kuachwa na wanadamu. Mama aliyeongoza kwaya miaka mingi, sasa hata ratiba ya mazoezi hatumiwi. Mzee wa kanisa ambaye jina lake halikurudi kwenye orodha ya wagombea: hawa hawahitaji kuambiwa kwamba imani yao imepungua.

Bwana alimwambia Samweli kwamba yeye haangalii kama binadamu aangaliavyo. Huwa tunalisoma neno hilo kama ahadi ya kupandishwa, ingawa linasema tu habari ya macho ya Mungu, na macho hayo hayakuwa makali zaidi siku ya mafuta kuliko siku ya pango. Pale pangoni Adulamu Daudi hakuwa na cheo cha kumgawia mtu, na bado walimwendea watu kama 400: wenye dhiki, wenye madeni, wenye uchungu moyoni. Akawa jemadari wao, wakakaa naye.

Tuombe. Ee Bwana, wajalie walioachwa wiki hii bila kuelezwa sababu wasikuone wewe kuwa ndiwe uliyewaacha. Utuonyeshe mlango wa kuwafikia, nasi tukaketi nao kabla hatujawapa neno lolote la kuwatia moyo. Kwa Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.