Picha zangu nne zilizomkera mjomba

Jumapili niliweka picha nne status. Nne tu. Kabla sijafika hata kituo cha kushukia mjomba kashatupia kwenye grupu la familia: "Mashallah mjomba, we zunguka tu Ulaya, huku bati la mama yako linavuja." Dada akaweka kile kikatuni kinachokuna kidevu. Mama kimya. Na sie watu wa Lindi mnatujua, mjomba akishasema imekuwa hukumu, huna pa kukatia rufaa.

Leo nimetoka zamu ya usiku, badala ya kulala nipo kitandani na soksi zangu nazipitia hizo picha moja moja. Acha niwaambie kila moja niliipiga kwa nini, maana mjomba hayupo peke yake kwenye hayo mawazo.

Ya kwanza nimekaa dirishani kwenye treni, koti limenikaa kama waziri. Koti ni mtumba, euro 12, ndiyo, mitumba hata huku watu wanavaa. Treni yenyewe ni ile ya mkoa inayosimama kila kituo, kutoka hapa Magdeburg, Ujerumani, mpaka Berlin, na wala siku hiyo sikukata tiketi kwa sababu kuna tiketi ya mwezi ya nchi nzima, ilianza 2023 kwa euro 49, wakapandisha 58, sasa hivi 63, ukishailipia unapanda treni za mikoa, mabasi na tramu mpaka uchoke mwenyewe, ila zile treni za mwendokasi usiziguse. Mi nailipia ya kwendea kazini, kwa hiyo Jumapili nikilala ndani au nikitoka hela ni ileile. Chakula nilibeba, mkate na mayai mawili ya kuchemsha, nikawa nayala kwa kujificha kwa sababu ya ile harufu. Ndo bata lenyewe hilo.

Ya pili geti la Brandenburg, kila mtu anayo, simu ilikuwa imebaki asilimia 4. Tuipite.

Ya tatu ndo yenye maneno. Kwenye nyumba ya wazee ninakofanyia mafunzo kuna bibi mmoja ana miaka themanini na kitu, mkali huyo, mwanzoni alikuwa hataki nimguse, nikiingia chumbani anauliza wengine wako wapi. Nilishazoea. Asubuhi moja namvalisha zile soksi za kubana za kuzuia miguu kuvimba, kazi ya jasho ile, akaniuliza natoka Afrika ipi. Tanzania. Tanzania wapi? Nikajibu tu nikijua haitamsaidia kitu, Lindi. Bibi akanyoosha kidole juu: "Tendaguru!"

Jamani. Niliachia soksi. Kumbe utotoni, enzi za Ujerumani Mashariki, shule iliwapeleka Berlin kuangalia mifupa ya dinosaria, makumbusho yalikuwa upande wao wa mji, na jina la mlima ilikotoka akalishika hapohapo. Kakaa nalo miaka sabini. Na mimi niliyezaliwa Lindi mjini Tendaguru sijawahi kuikanyaga, japo bibi mzaa mama alikuwa akisema ukoo wetu umetokea upande wa Mipingo, kulekule. Shuleni tulikaririshwa Olduvai na Zinjanthropus mpaka basi, Tendaguru ilikuwa sentensi moja. Nikaona aibu, aibu ya kumvalisha mtu soksi huku anakusimulia kwenu.

Ndo nikaenda makumbusho hayohayo. Ukiingia tu ukumbini kadinosaria kamesimama, mita 13 na ushee kwenda juu, kananitazama. Yaani nasema "ka" kwa mapenzi tu, mfupa mmoja wa mguu wa mbele unanizidi urefu. Wajerumani walichimba 1909 mpaka 1913, wakati Majimaji imeisha juzi tu, 1907, watu wa kusini wametoka kuzikana kwa njaa, halafu haohao wakabebeshwa hiyo mifupa vichwani na mabegani kwa siku kadhaa mpaka bandarini Lindi, zaidi ya tani 200. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Jina hilo nimelijulia Berlin.

Baba mmoja aliyekuja na watoto ndo alinipiga picha, akalala chali sakafuni ili shingo ienee, ikawa ama kikatwe kichwa cha mnyama ama miguu yangu, akakata miguu yangu. Hiyo ndo mliyoiona nacheka. Ambayo sikuiweka ni ya karibu, mfupa tu, rangi ya ganda la korosho lililoanikwa, na nyufa zilizozibwa vizuri. Niliishiwa cha kuandika chini yake. (Korosho kwenyewe hapa gramu 200 karibu euro 3, bei ya mnadani mnaijua, sisemi kitu.)

Ya nne hakuna hata mmoja aliyeigusa. Kibao cha mtaa. Treni ileile ya chini, U6, inayopita makumbusho ukiendelea nayo inakufikisha Afrikanische Straße, kuna mpaka Sansibarstraße na Ugandastraße, na barabara iliyopewa jina la Carl Peters mwaka 1939, yule mkoloni wa Kijerumani, Mkono wa Damu huyohuyo, tangu 2024 kipande chake kimoja kinaitwa Maji-Maji-Allee. Nilisimama pale kwenye manyunyu kama dakika kumi. Mdada kapita na mbwa akanishangaa napiga picha nguzo.

Na nyie mnaonijia inbox, "kaka nivute": someni kijerumani hukohuko, ngazi ya B2 ikiwezekana, msimpe dalali milioni tano za watu kwa kazi ambayo vituo vyenyewe vinatafuta watu. Na jueni mkifika mtaosha watu, mtalia chooni, halafu Jumapili mtapiga picha mnacheka na kuna mtu atawajibu bati.

Ya bati sasa. Hela ya bati nilituma mwezi wa tano, geji 28, na kofia na misumari juu. Nilituma kwenye simu ya mjomba.

Jana nikamtumia ile picha ya mfupa na maelezo yote ya Tendaguru, faragha, kwa heshima: shikamoo mjomba, hii imetoka kwetu. Akaisikiliza sauti yangu ya dakika nne yote. Akajibu: "Marahaba. Na kuingia umelipa?"

Nimelipa mjomba, bei ya mwanafunzi.

"Umelipa kuangalia vya kwetu."

Nikamuuliza na mabati je. Tiki mbili za bluu, mpaka sasa.