Tafakari ya wiki: Mungu alivyokaa na Yona mwenye hasira

Somo: Yona 4:1–11, Waefeso 4:26

Wapendwa katika Bwana,

Yona alikasirika kwa sababu watu wa Ninawi walisamehewa. Akatoka mjini, akajijengea kibanda upande wa mashariki, akakaa huko amenuna na kusema afadhali afe. Mlezi aliyewahi kumwona mtoto wa miaka minne akijirusha chini kwa sababu uji wake umetiwa kwenye kikombe cha kaka yake anaijua hali hiyo.

Mungu alimwuliza swali fupi: "Je! Unatenda vema kukasirika?" Yona hakujibu, wala hakulazimishwa kujibu. Kisha ukaoteshwa mtango umtilie kivuli kichwani. Somo la buu lililoutafuna mtango lilikuja kesho yake, na maneno marefu kuhusu huruma yakaja mwisho kabisa.

Nyumbani sisi huanza na maneno marefu. "Nimekuambia mara ngapi? Kwa nini huna adabu?" Wakati huo mtoto hasikii. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayotusaidia kujizuia na kupima jambo, huendelea kukomaa hadi mtu apite miaka 20, na kwa mtoto mdogo huzidiwa upesi hasira inapopanda. Kumwuliza "kwa nini" akiwa bado anapiga kelele ni kumdai jibu asiloweza kulitoa, na tukimwita kiburi kwa kunyamaza, tunamwonea.

Basi anza na mwili wako wewe mlezi. Ukihisi taya limekaza na sauti inapanda, weka chini ulichoshika, iwe mwiko au simu. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi tatu, itoe polepole ukihesabu hadi tano, mara nne au tano. Pumzi ndefu ya kutoka husaidia mapigo ya moyo kutulia. Ukiona bado unataka kupiga, mwachie mtu mzima mwingine na umwambie mtoto, "Narudi baada ya dakika tano." Usipomwambia, anaweza kudhani umemtupa. Kama ni mtoto mchanga asiyenyamaza na uko peke yako, mlaze chali mahali salama, toka nje dakika chache, kisha rudi umwangalie. Usimtikise kamwe: kumtikisa mtoto mchanga kunaweza kuumiza ubongo wake au kumwua.

Ukishatulia, chuchumaa uso wako ufike usawa wa wake. Usimlazimishe akutazame. Sema maneno machache: "Umekasirika. Ulitaka kuendelea kucheza." Halafu weka mpaka: "Sitakuacha umpige mdogo wako." Shika mkono wake kwa upole, ondoa vitu vya kurushwa, kaa karibu, nyamaza. Paulo aliwaandikia Waefeso, "Mwe na hasira, ila msitende dhambi," na mtoto anahitaji kuyasikia yote mawili: hasira yake inaruhusiwa, ngumi hairuhusiwi. Hapa ndipo walezi wengi wanapoteleza, kila mmoja upande wake. Bibi anampa biskuti anyamaze, mtoto anajifunza kwamba kelele hulipa. Baba anachukua fimbo, mtoto anajifunza kwamba aliye mkubwa akikasirika hupiga. Wanaopenda kunukuu Mithali kuhusu fimbo wasome pia Waefeso 6:4, inayowakataza akina baba kuwachokoza watoto wao. Mama, baba, bibi na dada wa kazi wakubaliane sentensi ileile ya mpaka, maana mtoto anayepewa majibu manne tofauti atayajaribu yote.

Mtoto naye afundishwe kupumua, lakini akiwa ametulia, kwa mfano kabla ya sala ya jioni. Aviringe viganja kama ameshika kikombe cha uji wa moto: anusa polepole, kisha apulize taratibu uji usimwagike. Akipuliza kwa nguvu na haraka atapata kizunguzungu. Zoezi hili likisubiri siku ya ghadhabu, atalikataa, kwa kuwa litamfikia kama amri nyingine.

Tazameni na usingizi. Eliya alipokata tamaa chini ya mretemu, malaika alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, ndipo safari ikaendelea. Mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 hadi 13 za usingizi kwa siku, pamoja na ule wa mchana. Wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12. Anayelala saa nne usiku na kuamshwa saa kumi na moja alfajiri awahi basi la shule amepata saa 7 tu. Kabla hatujamwombea roho ya ukaidi imtoke, tumlaze mapema wiki moja.

Mtoto anayejiumiza, anayeumiza wengine mara kwa mara, au aliyebadilika ghafla baada ya msiba au jambo asilotaka kulitaja, apelekwe kwa daktari au mshauri. Kenya, Tanzania na Uganda kuna simu ya msaada kwa watoto, namba 116.

Dhoruba ikipita, usidai "omba msamaha sasa hivi". Utapata neno tupu. Mpe la kutengeneza: aokote alivyotupa, amletee mdogo wake kitambaa cha maji baridi. Na kama wewe ndiye uliyepaza sauti, mwambie kabla jua halijachwa: "Nilikupigia kelele. Nilikosea. Nisamehe." Ishia hapo, bila kuongeza "lakini na wewe".