Stoo ya mama

Jumapili, Januari, saa tano usiku.

Leo nimemaliza zamu nzima mlango ukiwa umefungwa, bila kunyanyuka hata mara moja kumwomba mtu apunguze redio. Naandika haya kabla sijalala, maana nimeisubiri siku hii kwa muda mrefu.

Kazi yangu ni ukalimani kwa simu. Huku yuko daktari Marekani, kule yuko mgonjwa, mara nyingi mtu aliyehamia huko kutoka Congo, na katikati niko mimi, Upanga, Dar es Salaam, ghorofa ya tatu. Kwao mchana, kwetu usiku. Miaka minne nimeifanyia kazi hii kwenye meza ya kulia chakula. Sauti ya mgonjwa naisikia peke yangu masikioni, lakini majibu ya daktari hutoka kinywani mwangu kwa Kiswahili. Asubuhi moja mwaka jana mama alinimiminia chai, akaniuliza kwa upole, "Yule dada wa jana, mimba ilikaa?" Usiku ule mama alikuwa amelala chumbani, mlango umefungwa. Sikuweza kumjibu, na chai sikuimaliza. Yule dada alikuwa hajamwambia hata mumewe.

Hapo ndipo nilipoamua kwamba lazima nipate chumba.

Fleti yetu ni ya zamani. Marehemu baba aliingia humu kama mpangaji mwaka 1983, wakati majengo haya yakiwa chini ya Msajili wa Majumba, baada ya serikali kutaifisha nyumba za kupangisha mwaka 1971. Baadaye tuliinunua. Vyumba viwili, sebule ndefu, jiko, na korido pana ajabu, mita 1.8. Sakafu ni terazo, simenti ya kokoto za marumaru iliyosuguliwa, na dari iko mita tatu juu. Aliyeichora nyumba hii alifikiria upepo kwanza. Bahari haiko mbali. Hewa inaingia kwa madirisha ya luva ya sebuleni, inapita koridoni na kutokea kibaraza cha nyuma, na juu ya kila mlango kuna tundu la hewa ili hata ukijifungia chumbani usikose kupumua. Kwa matundu hayo hayo mama alimsikia yule dada.

Nafasi pekee iliyobaki ilikuwa stoo, kati ya korido na kibaraza. Upana mita 1.6, urefu 2.4. Nilikuwa nikiipima kwa futi kamba kila siku, kana kwamba ingekubali kuongezeka. Fundi ndiye aliyeniambia kwamba chumba changu kimelala koridoni: tuuvunje ukuta wa stoo, tusogee nje sentimita 80, korido ibaki na mita moja. Ghafla nikawa na chumba cha mraba.

Lakini stoo ilikuwa ya mama. Ufunguo wake ameufunga kwenye pindo la khanga tangu nikiwa mtoto. Ndani mlikuwa na debe la mchele, mbuzi ya kukunia nazi, nyungo, sufuria za shughuli ambazo nusu ya jengo huja kuziazima. Nilizunguka na maneno wiki nzima kabla ya kumwambia. Akanisikiliza, akafungua fundo, akaweka ufunguo mezani. "Fanya kazi yako, mwanangu." Hakuongeza neno, na mimi nilijua kwamba halikuwa jambo dogo.

Kabla ya nyundo tulimwita mhandisi. Jengo limesimama kwa nguzo na boriti za zege. Kuta za ndani ni tofali za kujazia tu. Hata hivyo hakuridhika kwa kugonga na kusikiliza. Alishuka kwa jirani wa chini, akapanda kwa wa juu, akatazama boriti zinapita wapi, ndipo akaruhusu. Akatukataza kitu kimoja: ukuta mpya usiwe wa tofali. Ukuta wa tofali wa ukubwa ule, pamoja na plasta, unakaribia tani mbili, na tungeutua katikati ya slabu, yaani sakafu ya zege, mahali pasipo na boriti chini yake. Akasema tutumie fremu nyepesi ya chuma, bodi mbili za jipsamu kila upande, na pamba ya kuzuia sauti katikati.

Siku ya pili ya kuvunja, tindo liligonga chuma. Bomba kuukuu limesimama ndani ya ukuta, linatoa maji kwenye tangi la juu ya paa na kuyashusha kwa fleti zote. Ukinunua sehemu ya jengo, vyumba ni vyako, lakini bomba kama lile ni la wote, na kulihamisha kungetaka kibali cha wenye fleti wenzetu. Tukaliachia kipande cha ukuta, sentimita 40, pembeni mwa meza yangu. Mtu wa juu akifungua maji usiku, nikiweka kiganja hapo nayasikia yakipita.

Kosa kubwa lilikuwa langu. Nilitaka ukuta ufike darini, nisiache hata ufa. Fremu ilipofika juu na jipsamu za upande mmoja kufungwa, mama alitoka chumbani akijipepea kwa khanga. "Upepo mmeupeleka wapi?" Nikatazama pazia la chumbani kwake. Lilikuwa limening'inia tu. Tofali za matundu za juu ya dirisha la stoo ndizo zilizokuwa zikitoa hewa ya korido nje, na mimi nilikuwa nimeziziba ili nifiche sauti yangu. Chumba changu kingemnyima pumzi mwanamke wa miaka sabini na mbili, na joto la kaskazi lilikuwa halijaanza.

Usiku ule sikulala. Asubuhi fundi alikaa chini koridoni, akatazama juu muda mrefu, kisha akasema tuishushe dari ya ofisi hadi mita 2.4, tuifunike kama sanduku kwa pamba na jipsamu, na juu yake tuache wazi kama nusu mita. Upepo upite juu ya kichwa changu mpaka kwenye zile tofali za matundu. Tukabomoa kazi ya siku mbili. Pazia la mama linacheza tena.

Ndani kuna joto, sikatai. Nikiwa kwenye simu feni nazima, kwa sababu inavuma kwenye kipaza sauti. Nafungua dirisha dogo la kibarazani na kuweka taulo begani. Kila niliyemkalimania leo, maneno yake yameishia humu ndani.

Kitu kimoja hakikufichika. Terazo ilimwagwa baada ya kuta kusimama, kwa hiyo tulipouondoa ukuta palibaki mfereji wa zege tupu, upana wa kiganja, unaokata sakafu ya ofisi. Fundi aliujaza kwa simenti nyeupe na kokoto za marumaru, akasugua siku nzima, lakini rangi haikukubali. Mstari upo, mweupe kuliko pande zote mbili.

Jioni, kabla ya zamu, mama aliniletea uji. Alisimama peku juu ya ule mstari, akanyoosha mguu, akagusa sakafu upande wa ndani kwa kidole gumba.

"Debe la mchele lilikuwa hapa."

"Ndiyo, mama. Hapo hapo."

Akaweka kikombe mezani, akatoka, akauvuta mlango mpaka ukalia.