Aliposema Sawa

Jumamosi iliyopita tulitandaza vitu vya kuuza mbele ya nyumba, kama wafanyavyo majirani hapa joto likishaingia. Vyombo, viatu vya watoto, ile taa ya sebuleni. Binti yangu alileta baiskeli yake, miguu imeshaizidi, akaibandika karatasi: dola 40. Akaja baba mmoja na mwanawe, akaizunguka, akabonyeza breki, akauliza, "Ishirini na tano?"

"Sawa," binti yangu akajibu. Hata pumzi hakuvuta.

Walipokwisha kuondoka akanitazama usoni. "Baba, nimekosea?"

Nilimwambia nakwenda kuchukua maji. Nikaingia ndani, nikasimama jikoni na gilasi tupu mkononi. Hilo "sawa" niliwahi kuambiwa mimi, mbele ya banda la gari upande wa Westerville, kitongoji cha jiji la Columbus, Ohio, hapa Marekani, mwezi wa Machi 2012, na mpaka leo sijajua nilipaswa kulifanya nini.

Wakati ule tulikuwa bado tunakaa barabara ya Cleveland Avenue, watoto wawili na wa tatu yuko njiani, na mama yangu tulikuwa tumeanza kumhangaikia viza. Gari letu dogo halikututosha tena. Kila mtu alinishauri ninunue gari la familia, lile la mlango wa kusukuma pembeni. Mimi nilitaka gari kubwa la saluni la Kimarekani, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, bodi yake imeketi juu ya chesisi, ile fremu ya chuma ya chini, kama lori, injini ya V8, silinda nane, ya lita 4.6. Wengi hapa wanaijua kwa sura ya polisi, Ford Crown Victoria. Zile zilizotoka polisi nilikwenda kuzitazama mnadani. Zina matundu palipokuwa na redio na taa, milango ya nyuma haifunguki kwa ndani, na injini zimekaa zikinguruma usiku kucha gari limesimama, saa ambazo maili za kwenye dashibodi hazizihesabu. Nikageukia ndugu yake, Mercury Grand Marquis. Chini ni gari lile lile, ila hili walilinunua wazee, wakaliendesha kwenda kanisani na dukani, wakalilaza ndani ya banda. Yote mawili yalikuwa yakitoka kiwanda kimoja, St. Thomas, Ontario, kule Kanada. Grand Marquis ya mwisho ilitoka Januari 2011, na Crown Victoria ya mwisho Septemba mwaka huo huo, kiwanda kikafungwa. Kwa hiyo nilikuwa natafuta kitu ambacho hakitengenezwi tena, na petroli ilikuwa inakaribia dola 4 kwa galoni.

Lakini mimi ni mtoto wa dereva wa Peugeot. Wa pwani ya Kenya wa umri wangu hawahitaji maelezo. Peugeot 504 za abiria, viti safu tatu, mizigo juu ya paa, gia ya usukani. Baba aliendesha moja miaka mingi, Mombasa na Malindi, ya tajiri mmoja, na hakuwahi kumiliki hata pikipiki. Nilipokuwa mdogo alikuwa akinichukua siku za likizo. Tulivuka Kilifi kwa feri, kabla daraja halijafunguliwa mwaka 1991, na pale kwenye foleni ya feri ndipo aliponifundisha magari. Gari zuri, alisema, linasukuma, halivuti. La kusukuma unalipakia watu nane na mbuzi, na kadiri unavyolipakia nyuma ndivyo linavyoshika barabara. Nilipofungua mlango wa Grand Marquis kwa mara ya kwanza, katika uwanja wa mtu mwingine kabla ya hili ninalolisimulia, nikaona gia iko kwenye usukani na kiti cha mbele ni kimoja kirefu, watu watatu wanaketi bega kwa bega. Nilikaa pale nikashindwa kuzungumza. Yule muuzaji alidhani bei imenishtua.

Nirudi Westerville.

Mwenye gari alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu. Mumewe alifariki wakati wa Krismasi. Hati alikuwa ameshaihamishia kwa jina lake, Ohio mjane anaruhusiwa kuhamishiwa gari la mumewe kwa kiapo na cheti cha kifo, kwa hiyo karatasi zilikuwa safi. Gari la mwaka 2003, rangi ya maziwa yaliyotiwa majani ya chai kidogo, maili 61,000. Nilikwenda na rafiki yangu mmoja, fundi wa magari kutoka Goma, Kongo. Alilala chini ya gari juu ya sementi baridi robo saa nzima. Kwa magari ya kule kwenye theluji unatazama chesisi kwanza, karibu na magurudumu ya nyuma, kwa sababu chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyushia barafu ndipo inapoanzia kula. Akatazama propela, akatazama difu, ile gia ya ekseli ya nyuma, kama inavuja, akatazama juu ya injini lile bomba la kugawia hewa, maana ya miaka ya nyuma yalikuwa ya plastiki tupu na yalijulikana kwa kupasuka na kumwaga maji. Hili lilikuwa na kipande cha alumini mbele. Akatoka akijifuta mikono.

"Iko muzima, ndugu yangu," akaniambia. "Hii muzee aliipenda."

Sasa ikabaki bei.

Mama yangu aliuza leso na vitambaa soko la Kongowea, Mombasa, maisha yake yote. Nimekulia chini ya meza yake. Najua mnunuzi anavyoshika kitu bila kukitazama, najua "bei maelewano", najua "sema yako", "ongeza, dadangu", "hiyo haijafika hata ya kununulia". Kwetu neno la kwanza la mnunuzi si bei. Ni hodi. Unabisha, mwenye nyumba anauliza nani, mnajuana, ndipo mnafikia pale ambapo wote wawili mlijua tangu mwanzo kuwa mtafikia.

Bibi alitaka 4,800. Kwenye bahasha, mfuko wa ndani wa koti, nilikuwa na 4,200, na moyoni nilikuwa tayari kuziacha zote pale. Nilikuwa nimejipanga njiani. Nitaanza na 3,500. Yeye atacheka, atasema 4,600. Mimi nitataja watoto, yeye atamtaja mumewe na banda. Nitapanda, atashuka, tutakutana 4,200, tutapeana mikono na kila mmoja ataona ameshinda kidogo.

Nikasema, "Elfu tatu na mia tano."

Theluji ya mwisho ilikuwa ikiyeyuka juu ya paa, maji yakidondoka kwenye ndoo ya plastiki aliyoitega pembeni ya mlango. Nakumbuka idadi ya matone ilivyokuwa ikinijia kichwani, moja, mbili, tatu, kama mtu anayenihesabia. Bibi hakunitazama. Alikuwa amevaa glovu za kiume, kubwa kuliko mikono yake, na mkono mmoja aliuweka juu ya boneti. Kulikuwa na jani kavu limenasa chini ya waipa, la msimu uliopita bila shaka, maana banda lile lilikuwa limefagiliwa. Akavua glovu moja. Akalichomoa lile jani taratibu lisikatike, akaligeuza, akalitia mfukoni mwa koti lake. Rafiki yangu aliacha kujifuta mikono. Mimi nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kujibu 4,600. Sentensi yangu ya pili ilikuwa tayari mdomoni, najua hata neno lililoianza.

"Sawa," akasema bibi.

Nilisimama na ile pumzi kifuani, sijui pa kuipeleka. Nilikuwa nimepiga hodi tu, na mlango wote ukafunguka, na ndani hapakuwa na mtu wa kuniuliza mimi ni nani.

Ningeweza kusema kitu pale pale. Ningesema, mama, sikuwa na maana hiyo, kwetu huanza hivi, tafadhali niambie yako. Kwa Kiingereza niliyatafuta maneno hayo na nikayapata, hayakuwa magumu. Lakini nilikuwa na watoto wawili na wa tatu njiani, na bima, na kodi ya kuandikisha gari, na magurudumu mawili yaliyokwisha. Rafiki yangu akanikoholea kidogo, akasema chini chini, "Ndugu, lipa twende." Nikahesabu dola 3,500 juu ya boneti yenye joto la jua dogo. Bahasha niliirudisha mfukoni, na kuanzia pale hadi nyumbani nilikuwa nikizisikia zile mia saba kifuani kama kitu chenye uzito.

Mengine yalikwenda haraka. Siku ya pili tulikutana ofisi ya kaunti ya hati za magari, kwa sababu Ohio muuzaji sharti atie saini mbele ya ofisa wa viapo, na bei iandikwe kwenye hati. Karani akauliza kama bei ile ndiyo. Bibi akasema ndiyo. Mimi nikasema ndiyo. Nje akanifundisha tarakimu tano za kubonyeza mlangoni ukisahau ufunguo ndani, akazitaja mara mbili kama mtu anayemwambia mtoto namba ya simu ya nyumbani, akaondoka na jirani yake aliyemleta.

Mama alikuwa na kauli moja pale Kongowea: muuzaji akikubali neno lako la kwanza, ama kitu kina ila, ama umemkuta na shida. Kitu hakikuwa na ila. Fundi alilala chini yake robo saa.

Wiki ya pili nikafungua kisanduku cha dashibodi kutafuta karatasi ya bima, nikakuta daftari dogo. Marehemu aliandika kila kitu. Kila galoni, kila oili, tarehe na maili, mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika kwa kalamu ya wino. Ukurasa wa kwanza aliandika siku aliyolinunua. Kulikuwa na namba mbili, moja juu ya nyingine: bei aliyotajiwa, na bei aliyolipa. Tofauti ilizidi dola 2,000, na ameipigia mstari mara mbili.

Nilikaa na daftari lile muda mrefu. Yule bibi alikuwa ameishi na mtu wa kupunguza bei. Amemsikia mezani akisimulia alivyompunguza muuzaji, bila shaka zaidi ya mara moja. Basi alijua 3,500 ni nini. Au aliijua kama mambo ya mumewe, kama mimi ninavyoijua pasi ya mke wangu, naiona kila siku na siwezi kuitumia. Nimelizungusha hili pande zote mbili kwa miaka, na kila upande ninaouegemea naona ndio unaonifaa mimi kwa siku hiyo.

Theluji ya kwanza ilipoanguka mwaka ule, nilitia mifuko minne ya mchanga kwenye buti ili nyuma pashike barabara, nikafunga koleo juu yake, nikaendesha hadi Westerville nimsafishie njia ya gari. Niliwaza nikifika nitajua la kusema. Mbele ya nyumba palikuwa na bango la kuuzwa na madirisha hayana mapazia. Jirani aliyekuwa akisafisha kwake aliniambia amehamia kwa mwanawe Arizona, tangu kiangazi. Nikasafisha ile njia hata hivyo, yote, hadi mlango wa banda.

Mama alifika 2014. Nilimweka katikati ya kile kiti cha mbele, mimi kushoto, mke wangu kulia, watoto watatu nyuma, na tulipoingia barabara kuu aligusa gia ya usukani kwa kidole kimoja. "Peugeot ya babako," akasema. Halafu, kama mfanyabiashara yeyote, akauliza, "Ulinunua ngapi?"

Nikamweleza yote. Bei, hodi, jani, sawa. Aliendelea kutazama mbele.

"Akasema sawa, wewe ukanyamaza?"

"Nilinyamaza, mama."

"Si ungepanda mwenyewe."

Hakurudia tena, si siku ile wala miezi mitatu aliyokaa kwetu. Neno hilo halikuwa limewahi kunipitia akilini. Katika miaka yote ya chini ya meza yake sikuwahi kuona mnunuzi anapanda peke yake, bila kusukumwa. Nilitaka kumuuliza kama yeye aliwahi kumwona. Hata hilo sikuuliza, na sasa hayupo.

Gari lilituchukua hadi 2019. Chumvi ikaipata chesisi, nami nilikuwa nikiiosha chini kila wiki. Lilipopandishwa kwenye lori la chuma chakavu difu ilikuwa bado kimya. Lile daftari ninalo.

Basi nilijaza gilasi, nikatoka. Binti yangu alikuwa ameketi kwenye ngazi, dola 25 amezikunja mkononi. Nikaketi karibu naye.

"Ulitaka ngapi hasa?" nikamuuliza.

Akafikiri. Anafikiri vizuri, uso wote unatulia.

"Nilitaka yule mtoto aichukue," akasema. "Alikuwa ameshaishika kengele."

"Na kama baba yake angesema thelathini?"

"Ningefurahi." Akanywa maji. "Lakini ni yeye wa kusema, Baba. Si mimi."